Vidonge vya Akiba Kwenye Kopo la Maziwa

Siku ile tulikuwa watano katika chumba cha daktari: daktari mwenyewe, Sista Agnesta muuguzi wake, mdogo wangu Rajabu aliyekuwa mgonjwa, mdogo wetu wa mwisho Asha, na mimi dada yao. Wanne hawakuwa na kosa. Mkosaji nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimepakata kopo langu mapajani, natabasamu, nasubiri kusifiwa!

Wazazi wetu walipokufa nilikuwa darasa la tano. Niliacha shule, nikakaanga vitumbua nje ya soko la Kariakoo, nikawalea wadogo zangu katika chumba kimoja mtaa wa Gerezani. Miaka ile kila kitu kilikuwa adimu. Sukari foleni, sabuni foleni, unga foleni. Nikawa bingwa! Mche wa sabuni niliukata kwa uzi vipande kumi na viwili. Sukari ikipatikana, nusu tunatumia, nusu naificha. Majirani walisema, "Kwa huyu dada hakiishi kitu." Nami nikaamini.

Kisha Rajabu, fundi gereji, akaanza kukonda huku tumbo likimvimba upande wa kushoto. Daktari akasema bandama limekua, na ugonjwa ni kansa ya damu. Nikajikaza kusikia habari za kisu au sindano kubwa. Akanipa kichupa cha vidonge!

"Vidonge tu, daktari?"

"Ndiyo dawa yenyewe, dada. Atameza nyumbani. Vinne kila asubuhi, usipunguze, usizidishe. Kila wiki mbili mlete tumpime damu, na dozi nitabadilisha mimi. Uvitunze, dawa hii ni adimu, inatoka nje."

Katika maneno yote hayo mimi nikasikia moja tu: adimu.

Rajabu alikuwa chumba cha pili akitolewa damu, hakusikia maelezo. Kwa hiyo kila asubuhi nilimpa vidonge viwili, akameza. Viwili nikavitia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kopo likizidi kuwa zito, nami nalala vizuri zaidi. Mjinga mimi!

Daktari akiuliza, "Dawa anameza?" najibu, "Kila siku, bila kukosa." Wala sikuona kama nadanganya.

Bandama halikupungua. Sista Agnesta alishangaa, ila alipenda nilivyokuwa nawahi. Siku moja akanisimamisha mbele ya benchi la wagonjwa. "Mwigeni huyu dada! Hajakosa hata siku moja!"

Ndipo akanisogelea Mama Siwema, mwanamke wa Buguruni ambaye mumewe alikuwa na ugonjwa uleule na vidonge vilevile. "Mwenzangu, wewe unafanyaje?"

Nikamnong'oneza siri yangu. Mpe nusu, nusu weka. Siku dawa zikikosekana utanikumbuka. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru!

Mwezi wa nne wa matibabu, siku yenyewe ya dawa kukosekana ikafika. Sista akatuambia kwa huzuni kwamba meli imechelewa, vidonge hakuna mpaka wiki ijayo. Kumbe mimi nilikuja na kopo, maana fununu nilizipata sokoni tangu jana yake. Moyo ukanidunda kwa furaha!

"Msihangaike," nikasema, nikalimimina mezani.

Hakuna aliyenisifu. Vidonge vingine vilikuwa vimeshikana kwa unyevu, vimebadilika rangi. Daktari akaanza kuvihesabu kwa ncha ya kalamu, akaishia katikati.

"Hivi vimetoka wapi?"

"Akiba yetu, daktari."

"Akiba ya nini, dada? Hivi vilitakiwa viwe kwenye damu yake, siyo kwenye kopo. Leo nilitaka kuandika kwamba dawa imeshindwa kumsaidia!"

Asha akaanza kulia. Rajabu alilitazama kopo, akanitazama mimi, kisha akacheka kicheko ambacho hakikuwa na raha.

"Dada! Hata kansa umeipanga foleni?"

Natamani angenitukana.

Meli ilipokuja alianza dozi kamili, na bandama likapungua. Lakini ile miezi ilikula nguvu zake. Hawezi tena kuinua injini. Sasa anakaa gereji akipanga spana na kuwatania wenzake. Vidonge anavihesabu mwenyewe mbele yangu, anameza, kisha ananifunulia mdomo. "Kagua, dada mweka akiba." Nakagua. Ndiyo adhabu yangu ya kila asubuhi, na ninaistahili.

Lakini hiyo siyo inayoniuma zaidi. Tangu siku ile Mama Siwema sikumwona tena kwenye benchi. Buguruni nimekwenda mara tatu. Wapangaji wenzake wanasema walirudi kusini, wakahamia kijiji kipya. Jina la kijiji hawalijui. Niliuliza mumewe aliondoka hali gani. Wakasema alikuwa amekonda sana, ila mkewe hakuwa na wasiwasi, alisema dawa wanayo nyingi.

Wewe unayeuguza, sikia! Kidonge ulichopewa kumeza leo ni cha leo. Ukiona shaka, muulize daktari, usiniulize mimi niliyesifiwa.

Na wewe Mama Siwema, kama gazeti hili ninaloliandikia linafika huko: fungua kopo, mpeleke mzee hospitali na vidonge vyote mkononi, waambie nani alikufundisha. Ukimya wako bado nauhesabu kuwa deni langu. Kusini sijafika. Nauli ya kunileta huko naiweka kidogo kidogo, na safari hii sifichi nusu.