Ovaroli Aliyoifua Mama

Mtaani kwetu Katubuka ndege hupita karibu sana na mabati, kiasi kwamba mtu akiwa katikati ya habari yake hunyamaza, anaingoja ipite, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Nilipopata nafasi ya kujifunza ufundi wa ndege pale uwanjani, majirani wakaanza kuniita rubani. Niliwasahihisha mwanzoni, halafu nikachoka. Kazi ya rubani huyo ilikuwa kufagia hanga, lile banda la kuwekea ndege, kuosha matope kwenye magurudumu, na kumshikia tochi fundi mkuu akiwa amelala chali chini ya ndege. Ukimmulikia pembeni kidogo tu, anakuuliza kama unatafuta mchumba huko gizani.

Fundi mkuu alikuwa mzee mmoja wa Tanga, mpole kwa watu, mkali kwa bolti. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba kazi haijaisha mpaka macho ya mwingine yaipitie. Hata yeye, pamoja na mvi zake zote, akimaliza kufunga kitu humwita mwenzake aje kukagua. La pili lilikuwa desturi yake mwenyewe: ndege ikitoka kutengenezwa na inakwenda kujaribiwa angani, aliyeshika spana naye anapanda. "Utakaza vizuri ukijua na wewe umo ndani," alisema.

Kilichonitesa zaidi ni waya. Bolti za breki zikishakazwa hufungwa kwa waya mwembamba unaosokotwa, ili mtetemo usizilegeze. Waya wangu wa kwanza ulifanana na nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Fundi mkuu aliukata, nao wa pili akaukata, na siku hiyo nilirudi nyumbani vidole vimechomwachomwa na roho imeninunia.

Mama alikuwa msusi kule Ujiji kabla macho yake hayajaingia ukungu. Alinisikiliza, akaniita nikae mkekani, akanipa nyuzi. "Usivute kwa hasira, mwana wanje," akasema, akiniita mwanangu kwa lugha ya kwetu. "Ukisokota, hii ilingane na iliyopita. Fikiri ni kichwa cha mtu." Nilisuka nyuzi zile mpaka zikachakaa, yeye akizipitia kwa vidole na kunirudisha mwanzo. Baada ya hapo fundi mkuu akaacha kukata waya wangu. Kusifia hakusifia, ila aliacha kukata, na mimi nilitembea uwanja mzima nimenyoosha shingo.

Ule ukungu ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mama alitutambua kwa sauti na kwa mwendo. Kupika tulishamnyang'anya, sokoni tulishamkataza, lakini kufua ovaroli yangu alikataa katakata kumwachia mtu. Aliisugua, akainusa, akaisugua tena, akaianika. Halafu huniuliza, "Imetakata?"

"Imetakata, mama."

Grisi ilikuwa imekaa palepale, kifuani na magotini, kama ramani. Ningeifua tena mwenyewe angeikuta mbichi kambani na kuelewa. Basi nikaivaa hivyo hivyo. Kule hanga walinitania kwamba naweka akiba ya grisi. Nilicheka nao, na moyoni niliumia, kwa sababu mama yangu huyu ndiye aliyekuwa akitoa doa la mawese kwenye kanzu nyeupe mpaka mwenye kanzu akasahau lilikuwa upande gani.

Kaka yangu anayeishi Mwanza ndiye aliyempatia nafasi kwa daktari wa macho. Tatizo likawa safari. Mama na basi hawaelewani; huanza kutapika kabla ya Kasulu. Wakubwa wa kazini wakakubali apande ndege yetu ndogo, iliyokuwa ikienda Mwanza kuchukua watalii, viti vyake vikiwa vitupu. Daktari angemwona kesho yake. Kuikosa ndege ilikuwa ni kumkosa daktari, na kusubiri upya, wakati jicho la kulia lilikuwa karibu kujifunga kabisa.

Asubuhi hiyo nilimshika mkono mpaka kwenye ngazi ya ndege. Fundi mkuu akaja, akampa shikamoo ya heshima ingawa sidhani kama alikuwa mdogo kwake.

"Marahaba, baba. Hii ndege nani kaitengeneza?"

Mzee wa watu alidhani anampa raha. "Binti yako, mama! Breki za upande huu kafunga yeye kwa mkono wake."

Mama akaweka mkoba chini. "Basi mimi sipandi."

Sikumlaumu. Mama ananijua. Nilipokuwa mdogo niliifungua redio ya nyumbani ili niitengeneze, na tangu hapo ikawa inashika stesheni za Burundi tu, popote utakapozungusha. Nikatengeneza baiskeli ya mjomba. Pedali ikamdondokea kwenye mteremko wa Bangwe, na baiskeli ikamfikisha karibu na ziwa kuliko alivyokusudia. Mama alimhadithia fundi mkuu yote hayo, pale pale, rubani akiangalia saa. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilitamani pia kulia, maana nililiona lile jicho la kulia likibaki nyumbani.

Fundi mkuu alipomaliza kucheka akasema, "Mama, jana tuliijaribu angani, na huyu alikuwemo."

Mama akanigeukia. "Ulipanda? Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia usingelala."

Sikumwambia kwamba nilifumba macho tangu tunaondoka mpaka tunatua, na ziwa lote nilisimuliwa tu na rubani.

Mama akauacha mkoba pale pale chini. Kisha akasema, "Nipeleke kwenye hizo breki."

Fundi mkuu akaitikia kwa kichwa. Nikamchuchumaza mama kando ya gurudumu, nikauweka mkono wake juu ya waya. Vidole vikaanza kutembea, polepole, vile vilivyokuwa vikipita juu ya mistari ya kichwa cha mteja kabla hajamruhusu ainuke. Vikafika mwisho, vikarudi mwanzo.

"Umesuka wewe?"

"Mimi, mama."

"Na wewe, baba, umeiangalia?"

"Nimeiangalia. Na mwenzangu kaiangalia."

Akajifuta mkono kwenye kanga. "Haya. Nipe mkoba wangu."

Ndege ilipopaa niliitazama mpaka ikawa nukta juu ya Simbo, nikaendelea kuitazama hata ilipokuwa haipo.

Alikaa Mwanza mpaka macho yote mawili yakapona, akarudi kwa ndege ile ile. Nilisimama chini ya bawa, ndani ya ovaroli aliyoifua mwenyewe kabla hajaondoka. Akashuka bila kushikwa mkono. Akavua miwani myeusi, akanitazama usoni kwa muda mrefu, nami nikafungua mikono nikijua nakumbatiwa. Badala yake akanikamata kifuani, akaivuta nguo karibu na macho.

"Ndiyo hii niliyokuwa nakufulia?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulikuwa unavaa hivi mbele za watu?"

Machozi yakaanza kumlengalenga, nikamkumbusha kwamba daktari kamkataza kusugua macho.

"Sisugui. Twende nyumbani uivue."

Jioni hiyo alikaa uani na beseni na kipande cha sabuni ya mawese, akaisugua ovaroli ile mpaka maji yakabadilishwa na kubadilishwa. Ilitakata kama mpya, isipokuwa pale kifuani. Akainua nguo kwenye mwanga, maji yakimchirizika mpaka viwikoni.

"Limebaki moja," akasema, akicheka kwa furaha. "Hili hapa, dogo. Naliona. Na wewe unaliona?"

Nikainama karibu naye, nikamwambia nami naliona.