Mlishaji Anayeomba Mbwa Wake Wamsahau

Asubuhi, kabla mashine za kiwanda hazijaanza kuunguruma, Mama Mbwa amesimama nje ya chumba cha mbwa, kwenye mlango ambao kwa miaka mingi amekuwa akiufungua mwenyewe. Siku hizi haruhusiwi kuingia. Amejibanza kando ya kidirisha cha kioo, anachungulia kwa jicho moja kama mtoto aliyefukuzwa kwenye mazungumzo ya wakubwa.

Ndani, mlishaji mpya, bwana mpole aliyehamishwa kutoka stoo, anaweka mabakuli mawili mbele ya kila mbwa. Anafanya kila kitu sawasawa. Mbwa hawana habari naye. Wanatazama mlango.

“Wananisubiri mimi,” ananong’ona mama huyo. “Sasa nifanyeje, jamani?”

Jina la Mama Mbwa alibandikwa na wenzake kiwandani, kwa utani, naye akalipokea kwa kicheko. Lilipofika mtaani likawa na ncha. Binti yake alipokuwa shuleni aliwaambia rafiki zake kwamba mama anafanya kazi kwenye kiwanda cha chakula, akaishia hapo. Chakula cha nani, hakuna aliyeuliza.

Kiwanda hiki hutengeneza chakula kikavu cha mbwa: nafaka, nyama na mifupa iliyosagwa, mafuta, vyote vikapikwa na kukatwa punje ndogo. Maabara inaweza kusema kama chakula kina lishe ya kutosha. Haiwezi kusema kama mbwa atakitaka. Hilo huamuliwa na mbwa sita waonjaji, na mlishaji wao, Mama Mbwa. Yeye huweka bakuli la chakula kilichozoeleka na bakuli la kipya, akaangalia mbwa anakimbilia lipi, kisha akapima mabaki.

Mkali kuliko wote ni Kibogoyo, mzee wa kikosi, ambaye meno ya mbele yamemwishia. Huyo hula kwa kusukuma bakuli kwa pua, kutoka ukuta mmoja mpaka mwingine, na sauti ya bakuli hilo la bati juu ya sementi inajulikana kiwanda kizima.

“Likiburuzwa, hata wapakiaji wanajua chakula kimepita,” anasema Mama Mbwa. “Lisipoburuzwa, mabosi wananuna.”

Mwaka jana mabosi walikuja na jambo jipya: chakula chenye dawa ya minyoo humo humo. Wenye mbwa wangepumzika kushikana mieleka na mnyama kila wanapomlisha kidonge.

Ukisikia hivyo unaona ni rahisi. Mtaalamu wa dawa wa kiwanda, dada mwenye miwani na sauti ya upole, anasema hajawahi kupata kazi iliyomsumbua namna hii. Joto la kupikia huharibu dawa, kwa hiyo lazima inyunyizwe baadaye pamoja na mafuta. Kila punje inapaswa kubeba kiasi kilekile. Dawa yenyewe ni chungu. Na juu ya yote, kitu hiki ni chakula na ni dawa, hivyo kinabanwa na masharti ya pande zote mbili.

“Mbwa akibakiza chakula cha kawaida, amekula kidogo tu, basi,” anaeleza. “Akibakiza hiki, ametibiwa nusu. Na mwenye mbwa anaamini ametibiwa yote.”

Siku ya jaribio la kwanza, Kibogoyo alinusa bakuli jipya, akarudi nyuma, akamtazama mlishaji wake. Naye akafanya alichokuwa akikifanya kila siku. Alichuchumaa, akamkuna nyuma ya sikio, akamwambia, “Kula, baba, usiniaibishe.”

Kibogoyo akala. Wengine wakamfuata. Mabakuli yakabaki matupu, na Mama Mbwa akaandika kilichotokea, bila kuongeza wala kupunguza neno. Kule kuchuchumaa hakukuandika. Angeandika vipi? Ni kama kuandika kwamba alipumua.

Kiwanda kikatoa mifuko ya majaribio kwa familia za wafanyakazi. Wa kwake aliupeleka kwa binti yake, ambako mjukuu wake wa kike alikuwa na mbwa mchanga, mweusi, mwenye miguu minne myeupe kama amevalishwa soksi. Kwa mara ya kwanza, anasema, aliingia nyumbani kwa mwanawe akiringia kazi yake.

Mbwa yule alikuwa akila punje chache na kuacha nyingine. Binti akadhani ndivyo inavyotakiwa, kwa kuwa mama ndiye aliyeleta. Tumbo la mbwa likavimba. Walipomfikisha kwa daktari wa mifugo, minyoo ilikuwa imekwisha kummaliza.

“Mjukuu wangu hakulia mbele yangu,” anasema. “Aliniuliza tu, ‘Bibi, si ulisema Kibogoyo anakula?’”

Malalamiko ya namna hiyo yalitoka nyumba baada ya nyumba, ingawa hakuna kwingine mbwa aliyekufa. Mtaalamu alikuja chumba cha waonjaji, akakaa kwenye kona, akatazama. Kisha akasema, kwa heshima, “Mama, hebu toka nje kidogo.”

Mama Mbwa akatoka. Mbwa hawakugusa bakuli lolote.

“Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa,” anasema. “Kumbe hawakuwa wakikipenda chakula. Walikuwa wakinipenda mimi.”

Hakuna aliyemfokea. Mtaalamu anasema kosa ni la wote, kwa kuwa hata yeye aliyapokea matokeo bila kuuliza yamepatikanaje. Lakini uamuzi umetoka. Dawa imefunikwa upya kwa tabaka la mafuta ili uchungu usisikike, na jaribio linarudiwa bila Mama Mbwa. Mbwa wasipokubali kulishwa na mtu mwingine, chumba kitafungwa, kazi ya kuonja itapelekwa kwingine, na wanyama watagawiwa kwa atakayewataka.

Kwa Kibogoyo, mzee na kibogoyo kweli, atakayemtaka ni nani? Mama Mbwa anapanga chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki hata kuku.

Hii ni siku ya tatu. Wenzake Kibogoyo walianza kula jana, shingo upande. Yeye bado. Amelala, pua kwenye uwazi wa chini ya mlango.

“Akila, nahamia upakiaji, upande wa pili wa ua,” anasema Mama Mbwa. “Nimeshaomba nipitie geti la nyuma, asinisikie. Yeye abaki na chakula chake na paa juu ya kichwa. Naomba anisahau tu. Mtu unafikia kuomba kitu kama hicho!”

Anachungulia tena, kisha anachuchumaa chini ya kidirisha ili asionekane. “Anakula?”

Mwandishi wa makala haya anatazama kwa niaba yake. Bado.

“Basi twende. Anajua niko hapa.”

Anavua viatu vyake vya mpira, kwa kuwa mbwa wale wanaijua sauti yake ya kutembea, na kuvishika mkononi. Anapita peku kwenye sementi baridi, kwa ncha za vidole, mwanamke mzima akitoroka kazini kwake kama mwizi. Wafanyakazi wanaoingia zamu wanampisha. Leo hakuna anayetania.

Anapofika kwenye kona anasimama ghafla. Nyuma yao, kutoka chumba cha waonjaji, kuna kitu cha bati kinaburuzwa kwenye sementi. Kinagonga ukuta, kinanyamaza, kisha kinaanza tena kurudi.

“Umesikia?” anauliza. “Anakula. Anakula, jamani.”

Anaziba mdomo kwa kiganja ili kilio kisifike kule ndani, na anaendelea kutembea peku kuelekea upakiaji.