Damu Haba na Aibu ya Kuachwa Nyuma

Nakumbuka asubuhi moja ya masika kule Kwihara, mwanangu, na kila nikikuona ukinyanyua chuma cha mazoezi chenye hayo makopo ya saruji hapa uani Ipuli, kumbukumbu ile hunipandisha presha. Daktari amekupima, amekwambia damu yako ni pungufu, amekupa vidonge. Wewe umevimeza siku mbili tu, tena kwa chai ya rangi, kisha ukaongeza kopo jingine kwenye chuma. Hivi nimezaa mtu au nimezaa gogo?

Basi nisikilize. Nilikuwa msichana wa rika lako, nikibeba ndoo moja ya maji naona nyota mchana. Shangazi yangu akanipeleka zahanati, nikaambiwa maradhi ni hayohayo yako. Nimeze vidonge, nipumzike, nianze na kazi ndogondogo. Vidonge vilinitia kichefuchefu, nikavitumbukiza kwenye kihenge cha mahindi.

Kwetu tulilima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, wote mstari mmoja na ngoma mbele. Anayebaki nyuma anatungiwa wimbo papo hapo, kwa jina lake. Mimi nilishaimbwa wiki iliyotangulia, na wimbo ulinifuata mpaka kisimani. Aibu gani ile! Nikaapa kwamba safari hii nitaongoza mstari.

Na kweli niliongoza, matuta matatu. La nne sikulimaliza. Moyo ulidunda kuliko ngoma yenyewe, macho yakaingia giza, nikaangukia jembe langu. Kovu hili la shingoni unaloniuliza kila siku ndilo hilo. Jembe lingesogea kidogo tu, wewe usingezaliwa.

Nilizinduka kichwa kikiwa mapajani kwa shangazi. Nilidhani atanibembeleza. Thubutu!

"Damu huna, unashindana na nani?" alifoka huku machozi yanamtoka. "Wimbo unapita, mjinga wewe. Kaburi halipiti."

Akanichukulia vidonge vingine zahanati. Nikavimeza, yeye akinisimamia kama askari. Nilipopata nafuu akanirudisha shambani mwenyewe: wiki ya kwanza nusu tuta, kisha nikae. Ya pili, tuta moja. Watu waliimba weee, wakachoka wenyewe. Masika yaliyofuata nililima na wenzangu hadi jua la utosi, sikuyumba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini nyie vijana kibaba mnataka kijae leo.

Sikukatazi mazoezi, mwanangu. Mwili unaokaa bure nao hudhoofu. Ninachokikataa ni huo ubishi. Meza vidonge kama ulivyoelekezwa, kwa maji na chungwa ukilipata, chai isubiri, maana huipunguzia dawa nguvu. Rudi kwa daktari akupime tena, na umuulize damu inapungua kwa sababu gani na uzito upi unakufaa. Anza na chuma kitupu. Ukiona kizunguzungu, au pumzi inakatika, au moyo unaenda mbio, weka chini ukae, hata kama wenzako wote wanakutazama. Wakikucheka, waambie unaumwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hao wanaokucheka watakuja msibani kula wali.

Haya, nimefoka vya kutosha. Mungu akujaze damu, mwanangu, na akuongezee akili ya kuitunza. Akupe mgongo wenye nguvu na umri mrefu. Unizike wewe, nisikuzike mimi.