Mkutano wa Ruiru Ambao Sikuufunga kwa Maombi

Niliondoka nyumbani kwetu, mashariki ya Thika, kwa sababu ya kiwanja. Tulikitenga zamani kwa ajili ya zahanati, ili akina mama wetu wasijifungulie njiani. Sasa tulikuwa tumeitwa Ruiru na maafisa wa serikali kutoa maoni juu yake, nami, kama mzee wa kanisa, nikaombwa niufungue na kuufunga mkutano kwa maombi. Nilimshukuru Mungu kwa heshima hiyo, lakini moyo haukutulia.

Saa mbili asubuhi gari lilikuja kutuchukua, bure. Jirani yangu Mama Muthoni, ambaye mke wa mwanawe ni mjamzito, alilizunguka akilikagua.

"Mzee, tangu lini serikali ikatubeba?"

"Panda, mama. Tutajua huko."

"Haya. Lakini soda yao mimi sinywi."

Tulipopita Witeithie nilimuuliza dereva nani amemtuma. "Guka, mimi nimeambiwa niendeshe tu," akajibu, akiniita babu kwa Kikuyu, na kuongeza sauti ya redio.

Ruiru, saa nne. Ukumbini tulipewa chai na mandazi. Niliomba, watu wakasema amina. Kisha afisa mmoja akapitisha karatasi ya mahudhurio, na Mama Muthoni akaandika jina na namba ya kitambulisho, akatia sahihi kama wengine. Iliponifikia niliona sehemu ya juu imefunikwa kwa karatasi nyingine, ikabanwa kwa stepla. Nikaipitisha bila kuandika. Afisa alituhubiria maendeleo kwa muda mrefu. Maoni hakuuliza. Mwishowe akasema, "Mzee, tufungie na maombi."

Sikusimama. "Kwanza tusomee hapo juu palipobanwa."

"Ai, mzee, hiyo ni rejista tu! Watu wako na haraka."

"Mimi sina."

Kwetu mkutano ulioanza kwa maombi hauishi bila maombi. Hakuna aliyeinuka, wengine walikuwa wameshafumba macho, wakayafumbua tena. Mama Muthoni akaichukua karatasi, akang'oa pini ya stepla kwa kucha, akasoma kwa sauti kwamba sisi tuliotia sahihi tumekubali kiwanjani kujengwe ghala la mtu binafsi.

"Nimekubali lini?" akafoka. Akalikata jina lake, na wengine wakapanga foleni nyuma yake. Afisa alitoka kupokea simu, hakurudi. Gari nalo halikuwepo.

Saa kumi tulifika kwetu kwa nauli zetu, tukapitia kiwanjani. Tulikuta vigingi vipya vya mpimaji, udongo wake bado mbichi. Vilipigiliwa tukiwa Ruiru.

"Tuombe, mzee?" Mama Muthoni aliuliza.

"Tutaomba tukitembea. Twende kwa chifu kabla hajafunga ofisi."

Njiani nilijiuliza chifu naye anajua nini. Hata hivyo nilimshukuru Mungu, maana amenifundisha uzeeni kwamba amina nayo ni sahihi. Sitaitoa tena kabla sijasomewa ninachokikubali.