Walinipangia saa ya uongo, nikakosa kumuaga bibi

Admin, nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Uliniambia nitume wiki ile ile na leo ni wiki ya nne. Kila nikishika simu, mmoja anataka kunyonya na mwingine amemwaga uji. Naomba ufiche jina langu, wakwe zangu wamo humu wengi.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, naishi Miyuji, Dodoma. Nina watoto wawili. Sauda ana miaka mitatu na nusu, mdogo wake ana miezi tisa. Sitawadanganya, nachelewa. Naamka saa kumi, nakinga maji kabla hayajakatika, napika uji, nawaogesha, nawavalisha. Tukifika mlangoni mdogo ananya na Sauda ameshavua viatu vyote viwili. Baba Sauda yeye kujiandaa kwake ni kuvaa suruali, kukaa kwenye kochi na kuuliza, "Bado tu?"

Miezi mitatu iliyopita tulipeleka posa ya shemeji yangu. Tuliambiwa saa nne tuwe Chang'ombe kwa wifi yangu mkubwa, ambaye ndiye msemaji wa kila kitu kwenye ule ukoo. Baba Sauda akasema ana shughuli, nitangulie na watoto. Nilifika saa nne kasoro dakika tano, nimejipongeza njia nzima. Nikamkuta dada wa kazi anafagia uwanja. Akaniuliza, "Mama Sauda, kwema? Mbona mapema hivi?" Nilikaa kwenye jamvi mpaka saa sita. Watoto walishakula, wakalala, wakaamka, wakachafua nguo, ndipo watu wakaanza kuingia wananukia marashi. Wifi akaniangalia akacheka. "He, leo umeamkia upande gani? Tulikupa saa nne ili ufike sita. Sasa umefika nne kweli, tukusaidieje?" Wanawake wote wakacheka, wote walikuwa wanajua. Nikamtafuta mume wangu kwa macho, naye akajitia kusoma simu.

Nyumbani nikamuuliza nani alianzisha. Akasema, "Ni utani tu. Mimi niliwaambia wakutajie masaa mawili kabla, tusiaibike." Tangu lini? Tangu Sauda azaliwe. Miaka mitatu mwanaume ninayemfulia soksi ananitajia saa ya uongo, na kila nikihema kwa kukimbia anajua sikuwa nimechelewa. Huyo ndiye anayeona aibu.

Sasa bibi yake mume wangu akafariki, Alhamisi jioni, huko kwao Busi. Huyu bibi nilipomzaa Sauda alikuja kwangu akanikanda na maji ya moto siku arobaini, uzee wote ule. Wifi ananiita mvivu, na wanawe wamelelewa na wadada wa kazi wawili kwa zamu. Bibi hakuwahi kuniita hivyo. Watu wakiniharakisha alikuwa anawaambia, "Subirini, mtoto anakula."

Mume wangu alitangulia jioni ile ile na wanaume. Wifi akaniandikia kwamba gari la wanawake linaondoka kwake saa kumi na mbili asubuhi. Nikamuuliza kwa ujumbe, "Wifi, hiyo ndiyo saa ya wote?" Akasoma, hakujibu. Nikapiga, hakupokea. Nikajiambia hawa wamenipunja tena, wataondoka saa mbili, mimi nitafika saa moja niwakute wanakunywa chai. Hapo ndipo nilipokosea, nakubali. Ningekwenda hiyo hiyo kumi na mbili nikasubiri kama mjinga niliyezoea kuwa. Nilifika saa moja kasoro, geti limefungwa. Nikapiga tena, safari hii akapokea. "Tumeshafika mbali. Maiti haisubiri pampasi, mama."

Nikapanda basi na watoto wangu. Nilifika Busi saa tisa, wameshazika na jeneza limesharudishwa msikitini. Sikuuona uso wake. Wifi akasema mbele ya kina mama, "Marehemu alimkanda siku arobaini, yeye ameshindwa kuja kumuaga." Bibi mmoja wa pale akanipokea mtoto akaniambia kaa ule. Mume wangu alisikia kila neno, akainama akafunga kamba za viatu. Vilikuwa ni viatu vya kuchomeka.

Arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Baba mkwe ametaka niombe msamaha mbele ya ukoo. Baba Sauda ananiambia, "Piga magoti dakika moja, yaishe." Nikamuuliza, na wewe utasema nini? Akajibu, "Mimi niseme nini? Mimi sikuchelewa." Nikinyamaza, wanangu watakua wakijua mama yao alimdharau bibi aliyewapenda. Nikisema, namvua nguo mume wangu mbele ya baba yake, na sijui kama nitarudi naye Miyuji.

Ndugu zangu, nipeni ya kufanya. Mawaidha ya kuamka mapema msinitumie, ninayo ya kutosha. Wenye watoto wawili wa karibu karibu, nitumieni mlivyomalizana na mawifi wa aina hii. Wanaume, nitumieni jibu la kweli: ungekuwa wewe, ungesimama ukasema saa ile ilikuwa yako? Mwenye elimu ya dini anitumie ninavyoweza kumuomba radhi marehemu ambaye sikumuona, maana kwake yeye nitapiga magoti bila kuambiwa. Na mwenye hekima ya kuongea na wazee anitumie maneno yenyewe, nikishamwamkia baba mkwe nianzie wapi, yasiwe marefu, yasimwite mwanawe mwongo na yasiniite mimi mwongo.