Maana za Burden Nilizofundishwa kwa Mateke

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa nimeshiba Kiingereza. Neno burden peke yake lilitumalizia kipindi kizima: ni mzigo wa mgongoni, ni jukumu, ni huzuni, ni kodi inayomlemea raia, ni kiitikio cha wimbo wa kale, na mahakamani ni kazi ya kuthibitisha unachodai. Kisha nikapanga chumba mtaa wa Landless, nikaanza kubeba magunia sokoni Thika, ambako maana iliyohitajika ilikuwa moja tu.

Mbeba gunia haoni watu. Shingo imeinama, anaona viatu na matope basi. Ndiyo maana mwenye mali hufuata nyuma akiwa ameshika kona ya gunia, ili soko zima lijue ni la nani. Asubuhi hiyo nilibeba viazi vya mama mmoja, mteja mgeni kwangu. Mkokoteni ukapita katikati yetu, mkono wake ukaachia, nami sikujua. Niliendelea mbio mbio, kwa sababu ukisimama na gunia unalemewa zaidi.

Mtu akapaza sauti kwamba kuna gunia linakimbia bila mwenyewe. Teke la kwanza lilinipata nyuma ya goti. Nilianguka kifudifudi, gunia likanilalia, na marungu ya watu yakaanza kazi.

"Si yangu," nikasema. "Ni ya mathe fulani."

"Ati si yake. Amesema mwenyewe."

"Mathe gani? Anaitwa nani?"

Sikujua. Nani humuuliza mteja jina? Hapo ndipo burden ya mahakamani iliponikalia shingoni: wanaodai ni wao, wa kuthibitisha ni mimi, na mdomo umejaa damu. Neno "mwizi" nalo lilikuwa limepata kwaya. Hata waliokuwa wakinunua mboga za sukuma waliliitikia bila kuja kuangalia. Jamaa mmoja mwenye jezi nyekundu alinipiga jiwe bega la kushoto, akaliokota, akanipiga tena palepale. Mwingine akauliza tairi la kunichomea liko wapi. Niliogopa kufa, na niliwachukia wote, hasa waliosimama tu kutazama.

"Hiyo gunia ni yangu! Mnaua mtu wa kazi."

Yule mama alipita kati yao akiwazaba makofi bila kuchagua. Akajilaza juu ya gunia, nami chini yake, akawaambia basi waanze na yeye. Wakashusha marungu. Watu wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli zao. Mama akainuka, nami nikajikokota kutoka chini ya gunia.

Aliyebaki ni wa jezi nyekundu. "Pole, boss. Tulidhani umeiba." Akainama kunyanyua gunia ili anitwike, mtu mwema kabisa. Lile jiwe lilikuwa karibu na mguu wangu na kisogo chake kilikuwa wazi. Nililitamani. Lakini mama alikuwa amesimama pale akilia, na viazi vyake vilikuwa bado havijafika. Nikamgeuzia jamaa mgongo, nikamwambia gunia aliweke bega la kulia, maana hilo la kushoto analijua mwenyewe.