Kibali cha Kulia Kisiwani

Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Stockholm ilikuwa ukalimani. Nilikaa kati ya daktari na mgonjwa, kati ya mwalimu na mzazi, kati ya ofisa na mtu aliyekuja kuomba, nikapeleka maneno ya huyu kwa yule bila kutia chumvi. Nililipwa ili nisiwe na maoni. Sikuona tabu, maana nimezaliwa na roho kavu, na watu wa kanisani kwetu walilijua hilo. Waliniita wakitaka jambo liandikwe vizuri, si wakitaka mtu wa kulia naye. Basi jirani yangu wa mtaa wa Bredäng alipofiwa na mumewe, wenzangu walibeba masufuria ya wali na maharage, mimi nikabeba kalamu.

Mumewe alikuwa Mrundi wa Rumonge, mtoto wa ziwa. Aliogelea kabla hajajua kusoma, na nadhani hicho ndicho kilichomponza. Jumamosi moja ya mwezi Mei, jua likiwaka, aliazima mashua ya mfanyakazi mwenzake akaenda kuvua kwenye visiwa vya kusini, mbali kidogo, huko ambako miti inakwisha na kubaki mawe matupu. Mtu aliyekulia kando ya ziwa Tanganyika hawezi kuamini kwamba maji yanayometa juani yanaweza kuua kwa baridi. Upepo ulipindua mashua. Akaogelea mpaka kwenye kisiwa kidogo, akatoka majini kwa miguu yake, akajikunyata kati ya mawe. Alikutwa pale siku ya pili na mzee mmoja Mswidi anayeangalia ndege, na daktari alisema baridi ndiyo iliyomuua, si maji.

Kisiwa chenyewe kilikuwa hifadhi. Kuanzia mwisho wa majira ya baridi mpaka katikati ya Agosti hairuhusiwi mtu kukanyaga pale wala kukaribia kwa chombo, kwa sababu ndege wa baharini wanaatamia. Marehemu hakujua, na hata angejua sidhani kama angegeuza. Nakumbuka nilipotafsiri ripoti kwa mjane nilifika kwenye sentensi iliyosema mahali hapo ni marufuku, nikaisoma kama zilivyosomwa nyingine. Yeye alitikisa kichwa tu. Tulimzika katika makaburi ya jiji, na watu wakarudi kazini.

Mwaka mmoja tangu kifo ulipokaribia kutimia, ndugu wa mumewe walioko Bujumbura walipiga simu. Kwao kilio kina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mpaka ndugu wakutane, waseme yanayosemwa, wanywe pamoja na kumruhusu mjane arudi kwenye maisha, yeye bado yumo ndani. Havai nguo ya kung'aa, hachezi kwenye harusi ya mtu, hawezi kupanga jambo la kesho. Na katika ukoo wa mumewe, wavuvi toka zamani, palikuwa na nyongeza: aliyechukuliwa na maji huitwa jina lake palepale ufukweni alipokutwa, na anayeita ni mkubwa wa nyumba, kwa sauti inayofika mbali. Asipoitwa hujui kama amerudi kwa watu wake, na kilio hakifungwi. Wengine kanisani waliguna kwamba hayo si mambo ya Kikristo. Mjane aliwasikiliza kwa adabu, kisha akaniambia, "Dada, mimi nimechoka kukaa mlangoni. Nataka kutoka."

Mkubwa wa nyumba akaja. Alikuwa kaka wa marehemu, mwanamume mrefu mwenye koti la suti alilolivaa hata akienda kutupa takataka, na sauti nzito ya kuongozea kwaya. Viza yake ilikuwa inaisha Julai. Kisiwa kilikuwa kinafunguliwa Agosti. Nilipomweleza hivyo, mezani kwa mjane, alicheka akidhani namtania.

"Dada, hifadhi naijua," alisema. "Kwetu Rusizi kuna viboko na kuna geti. Unafika, unamsalimia garde, yule mlinzi, unamweleza shida yako. Garde naye ni mtu. Ana mama, ana baba."

Binti wa mjane, aliyekuwa na miaka kama kumi na sita, alimjibu kwa Kiswidi bila kuinua macho, kwamba haiwezekani, imekatazwa. Baba mkubwa wake akaniangalia ili nitafsiri. Nikatafsiri. Akasema mtoto huyu amelelewa vibaya, hilo nikaliacha bila kulitafsiri kwa sababu siku ile hakuna aliyekuwa ananilipa.

Mwenye mashua, yule mfanyakazi mwenza wa marehemu, alikubali kutupeleka tukaangalie. Nadhani alikuwa na deni la moyo ambalo hakulitaja. Tulishuka kwenye basi tukiwa na vikapu, tukavaa makoti ya kuelea, tukaenda. Wakati ule simu zetu hazikuwa na ramani, tuliongozwa na kumbukumbu yake na karatasi iliyolowa. Mbali kidogo na kisiwa alizima injini. Juu ya jiwe palikuwa na kibao cha njano chenye picha ya ndege na maandishi. Hapakuwa na uzio, geti, kibanda wala bendera.

"Garde yuko wapi?" aliuliza shemeji yake mjane.

"Hakuna garde," nikasema.

"Sasa nani anatukataza?"

"Kibao."

Alipigwa na butwaa. Akasimama ndani ya mashua, mwenye mashua akafoka kwamba tutapinduka, naye bado amesimama, mikono mdomoni, akapiga hodi. Alipiga hodi kwa kisiwa, mara ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa nguvu. Ndege weupe waliruka juu ya mawe wengi kwa pamoja, wakipiga kelele. Mwenye mashua aliwasha injini, akatugeuza bila kuuliza mtu. Njia nzima shemeji alikaa akinung'unika kwamba nchi gani hii inafunga mahali bila kuweka mtu wa kuombwa. Mjane alikuwa amekipa mgongo kisiwa tangu hodi ya kwanza. Niliona mabega yake yanatikisika, nikatazama maji.

Ikabidi tuombe kibali. Niliipigia simu ofisi ya mkoa inayosimamia hifadhi, nikampata mwanamke mwenye sauti ya upole. Aliniuliza kama ni utafiti. Nikasema siyo. Aliuliza kama ni kuvisha ndege pete za utambulisho miguuni, au kukarabati vibao. Nikasema hapana, ni mjane anataka kufunga kilio. Alinyamaza. Nilizoea ukimya wa maofisa, najua upi ni wa kutafuta kanuni na upi ni wa kutafuta maneno. Huu ulikuwa wa kutafuta maneno. Kisha akanieleza, pole pole, kwa nini sheria ni kali: jike la bata wa baharini akishtuka akaacha mayai, shakwe hawachelewi kuyala, na mwaka wake mzima umekwisha hapo. Hakusema hapana. Alisema niandike.

Niliandika. Nilieleza desturi kama ilivyo, nikataja watu watatu tu, nikataja viza. Mjane alitaka niongeze kwamba mumewe alikuwa mtu mwema. Nilimwambia hilo si la ofisi. Alinitazama kwa namna ambayo bado inanichoma nikiikumbuka, nikaliongeza mwishoni.

Jibu lilikuja siku chache kabla ya shemeji kuondoka. Tumeruhusiwa. Masharti yalijaza nusu ya ukurasa: tuende na mwangalizi wa ndege, kwa mashua yake, tupite anapopita yeye, tusiache kitu, hata ua, tusiwashe mshumaa, tukae kwa muda mfupi, na tusipaze sauti. Nilimsomea shemeji kila sharti. Kwenye sauti alitikisa mkono kama mtu anayefukuza nzi. Alisema ni maneno ya karatasi, huko tutaongea na mtu. Nilimwambia mtu huyo ndiye atakayeyasimamia maneno ya karatasi. Akasema mimi nimekaa Ulaya muda mrefu sana.

Mwangalizi alitungoja gatini, mzee aliyevaa kofia ya sufu ingawa kulikuwa na joto. Alimshika mjane mkono, akaendelea kuushika, akaniomba nimwambie kwamba yeye ndiye aliyemkuta mumewe, na kwamba alimfunika kwa koti lake. Nikasema. Mjane akashukuru kwa Kiswidi chake kidogo, tack, akarudia, tack, na hakuhitaji mkalimani.

Kisiwani tulipita kwenye mawe kwa mstari, mzee mbele. Alikuwa akisimama na kutuonyesha chini kwa kidole, na kila mara ilinichukua muda kuona: bata wa kahawia amelala juu ya mayai yake, rangi moja na jiwe, jicho limetukodolea. Mahali penyewe palikuwa karibu na maji, uwazi mdogo kati ya mawe mawili, hautoshi hata godoro. Hatua chache kutoka hapo alikaa bata mwingine.

Shemeji alivua kofia. Alifunga vifungo vya koti, akavuta pumzi ikajaza kifua. Mzee aliinua kiganja.

"Sauti ya chini, tafadhali," alisema, nami nikasema.

"Mwambie marehemu haitwi kwa mnong'ono," alijibu shemeji. "Babu yetu aliitwa mpaka wavuvi wa ng'ambo ya pili wakaacha nyavu. Hii ndiyo kazi iliyonileta. Sikupanda ndege kuja kunong'ona."

Nikasema. Mzee alinisikiliza, uso umemwiva. Alisema anasikitika sana, lakini huyu jike akiruka hatarudi kwa wakati, na shakwe wako juu wanaona. Alisema hana mamlaka ya kuruhusu. Nikasema. Shemeji akasema basi na iwe, mayai na mtu, kipi kizito? Nikasema na hilo. Nilikuwa nimesimama katikati yao kama nilivyosimama maelfu ya mara, na kwa mara ya kwanza nilitamani mmoja wao aniulize mimi naonaje. Muda wetu ulikuwa unayoyoma. Mzee alitazama saa akaona aibu kuitazama.

Mjane alipita kati yetu, akachuchumaa kwenye ule uwazi, akaweka kiganja kwenye jiwe.

"Shemeji, subiri," alisema. "Ukimwita kwa nguvu hatakuja."

"Kwa nini asije? Mimi ni kaka yake."

"Umesahau ya nyumbani? Ule usiku wenye bunduki walipokuja mlangoni wakiita watu majina, nyinyi mkiwa watoto?"

Shemeji akafungua kifungo kimoja cha koti.

"Yeye alikuwa chini ya kitanda na wewe. Hakuitika. Toka siku ile sauti kubwa hajaiitika. Watoto wanajua. Hospitali wakiita jina lake pale ukumbini, anakaa kimya, anatazama sakafu, mpaka mimi nimguse. Kazini walidhani ni kiziwi. Miaka yote tuliyokaa, nimemwita hivi."

Akamwita. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kwenye mto mmoja na mwenzake, ambaye hataki kuamsha watoto. Nilikuwa nimesikia jina lile mahakamani kwenye mirathi, kwenye ripoti, mdomoni mwangu mwenyewe, na sikujua linaweza kutamkwa namna ile. Aliita tena. Nililia, mimi, na sikugeuka pembeni.

Shemeji alikuwa ameketi juu ya jiwe na koti lake la suti, magoti juu, mkubwa wa nyumba.

"Baba aliitika," alisema. "Akasema nipo. Wakaondoka naye, mpaka leo hatujui walimweka wapi."

Mzee wa ndege alinitazama, akaona uso wangu, akaacha kuuliza. Bata alikuwa bado amelala juu ya mayai yake. Shemeji aliteleza kutoka jiweni akapiga magoti kando ya mjane, akainamisha kichwa mpaka karibu na ardhi, akamwita mdogo wake kwa sauti ndogo, ya mtoto anayeongea chini ya kitanda. Akangoja. Kisha, kwa sauti ileile, akaita jina la baba yake, ingawa kibali chetu kilikuwa cha kumlilia marehemu mmoja.